Goti lililolika: dozi ya mazoezi, jeli, vidonge na sindano kabla ya kisu

Shikamooni wazee wetu. Na ninyi mliowasindikiza, karibuni sana, kwa kuwa mengi tutakayoyasema leo yatafanyika nyumbani.

Tunazungumzia goti lililolika, ugonjwa ambao hospitalini mtausikia ukiitwa osteoathraitisi. Hushika pia vidole, nyonga na uti wa mgongo, lakini goti ndilo linaloongoza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa na ugonjwa huu, na milioni 365 kati yao uliwashika magotini. Wengi wa hao hawahitaji upasuaji. Wanahitaji tiba yenye kipimo, na hapo ndipo penye tatizo: mgonjwa huambiwa "fanya mazoezi, punguza uzito", kisha anarudishwa nyumbani. Hakuna daktari anayeandika "meza dawa" akaishia hapo bila kutaja kidonge gani, vingapi na kwa muda gani. Mazoezi nayo ni dawa. Mtu asipopewa dozi hujaribu wiki mbili, akaona goti bado linauma, akaacha, halafu akaanza kutafuta sindano.

Kwanza tuelewe kinachoendelea ndani. Ncha za mifupa ya goti zimefunikwa na gegedu, tabaka laini linaloteleza. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kwenye ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo huingia na kutoka pale goti linapobanwa na kuachiwa, yaani unapotembea na kukunja mguu. Ndiyo maana goti lililopumzishwa miezi mitatu haliponi. Hukakamaa, na paja hukonda. Tunasikia sana kauli kwamba mafuta ya goti yamekwisha. Goti lililolika na kuvimba mara nyingi huwa na ute mwingi kupita kawaida. Kauli hiyo inaumiza watu kwa sababu huwafanya waogope kutembea ili "wasiyamalize" yaliyobaki, na huwafungulia mlango wauzaji wa sindano za mafuta, ambazo tutazifikia.

Gegedu halina hata mishipa ya fahamu. Maumivu hutoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando wa ndani ya kiungo na kwenye misuli iliyochoka. Kwa hiyo picha ya eksirei na maumivu haviendi pamoja kila mara: yupo mwenye picha mbaya anayepanda mlima, na yupo mwenye picha nzuri asiyelala. Mlio wa "krr krr" usio na maumivu nao usikutishe.

Ukiwa na miaka 45 au zaidi, goti linauma ukilitumia, na asubuhi linakakamaa kwa muda usiozidi dakika 30, kwa kawaida daktari anaweza kutambua ugonjwa bila eksirei. Ila kuna hali ambazo hazimo katika mazungumzo ya leo. Goti la moto, jekundu, lililovimba pamoja na homa ni la kwenda hospitali siku hiyohiyo, kwani usaha ndani ya kiungo hukiharibu kwa siku chache. Mkakamao wa zaidi ya nusu saa unaoshika vidole vya mikono yote miwili huelekea baridi yabisi, ambayo dawa zake ni nyingine kabisa. Kidole gumba cha mguu kilichowaka ghafla usiku, fikiria jongo. Goti moja lililovimba kwa miezi huku mtu akikonda na kutoka jasho usiku lipimwe kifua kikuu, maana hushika viungo pia. Na kijana mwenye selimundu anayeumwa kwenye kinena asipewe dawa za kuchua. Apigwe picha ya nyonga.

Sasa mazoezi. Hapa tutakaa muda mrefu kuliko kwingine.

Msuli wa mbele ya paja ndio unaopokea mshtuko kila unapokanyaga. Ukilegea, mshtuko wote hushukia kwenye kiungo. Lengo letu ni kuujenga msuli huo pamoja na misuli ya nyonga na makalio, inayozuia goti lisianguke kwa ndani. Misuli hujengwa mara 3 kwa wiki, siku ikipishana na siku: kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku ya katikati msuli unajijenga, kwa hiyo usiifute kwa pupa.

Anayeumwa sana aanze kitandani au mkekani. Nyoosha mguu, viringisha kanga au taulo uiweke chini ya goti, kisha likandamize goti chini kwa kukaza paja. Shikilia sekunde 5, achia. Rudia mara 10, pumzika dakika moja, fanya raundi 3. Kosa la kawaida hapa ni kubana pumzi, na kwa mwenye shinikizo la damu ni hatari. Hesabu kwa sauti; huwezi kuhesabu ukiwa umebana pumzi.

Zoezi la pili ni la kitini. Keti wima, nyoosha goti taratibu hadi mguu uwe sambamba na sakafu, shikilia sekunde 5, shusha kwa hesabu ya tatu. Mara 10, raundi 3, miguu yote miwili. Baada ya wiki mbili, likiwa rahisi, funga kifuko chenye kilo moja ya mchanga au mchele kwenye kifundo cha mguu, kisha kilo moja na nusu, na kuendelea. Msuli usioongezewa mzigo hauongezi nguvu, na kwa sababu hiyo watu hufanya zoezi moja mwaka mzima bila kuona tofauti.

La tatu ndilo tunalolipenda kuliko yote, kwa sababu linafanana na maisha yenyewe: kukaa na kusimama. Chagua kiti imara chenye kimo cha sentimita 45 hivi, kiegemeze ukutani. Kaa kwenye nusu ya mbele, nyayo ziachane kwa upana wa mabega, visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Inamisha kifua mbele kwanza, ndipo usimame bila kushika kitu. Magoti yaelekee usawa wa kidole cha pili cha mguu. Yakigusana, nyonga ni dhaifu, basi yatanue kwa makusudi. Kushuka ndiko kwenye faida kubwa: shuka kwa hesabu ya tatu, usijitupe. Fanya mara 8 hadi 12, raundi 3. Ukishindwa, usikate tamaa wala usisukume kwa mikono. Inua kimo cha kiti kwa godoro dogo au mto mgumu, na kila wiki upunguze. Zoezi hili likifanywa sawasawa, wazee waliokuwa wakivutwa mkono ili wanyanyuke huacha kuvutwa.

Kwa nyonga, lala ubavu, mguu wa juu ukiwa umenyooka, uinue kwa sentimita 30 hivi bila kuusogeza mbele, ushushe polepole. Mara 10, raundi 3. Wengi huviringisha kiwiliwili kuelekea mgongoni, na hapo anayefanya kazi ni msuli mwingine. Kisigino kiwe nyuma kidogo ya mwili na utahisi pembeni mwa makalio.

Ngazi ziachwe hadi wiki ya nne au ya tano. Anza na kidaraja cha sentimita 10, kisha 15. Kwenye ngazi za kawaida, mguu usiouma utangulie kupanda, mguu unaouma utangulie kushuka.

Swali tunaloulizwa kila mara: je, niendelee kama linauma? Jipime kwa namba, 0 ni hakuna maumivu, 10 ni maumivu yasiyovumilika. Wakati wa zoezi, hadi 2 ni salama, hadi 5 yanavumilika, yakipita 5 punguza uzito au idadi. Kisha angalia kesho yake. Maumivu yakirudi kwenye hali yake ya kawaida ndani ya saa 24, dozi ilikuwa sahihi. Yakibaki juu, au goti likivimba, umezidisha. Punguza nusu, usiache. Wanaoacha kabisa kila linapouma hawafiki popote.

Matokeo hayaji mapema. Programu ya Denmark iitwayo GLA:D, iliyoanza mwaka 2013 na baadaye kuenea nchi nyingi, hutoa vipindi vya elimu na vipindi 12 vya mazoezi ya kusimamiwa, mara mbili kwa wiki kwa wiki 6. Kwa anayefanya nyumbani peke yake tunasema wiki 8 kamili kabla ya kuhukumu. Mwaka 2020 utafiti wa wagonjwa 156 katika hospitali za jeshi la Marekani ulilinganisha tiba ya fiziotherapia na sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ndani ya goti. Baada ya mwaka mmoja, waliofanya fiziotherapia walikuwa na maumivu madogo zaidi na walitumia miguu yao vizuri zaidi.

Pamoja na hayo, tembea. Anza dakika 10 kwa siku, ongeza dakika 5 kila wiki hadi 30. Baiskeli inafaa mno, mradi kiti kiinuliwe hadi goti likaribie kunyooka pedali ikiwa chini. Kiti kifupi huliumiza goti kwa mbele. Walio pwani wana neema: maji ya kiunoni hubeba karibu nusu ya uzito wa mwili. Tembeeni humo dakika 20 pale penye mchanga usio na mawe.

Tuje kwenye uzito. Kila kilo moja unayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua. Utafiti wa North Carolina, Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, wenye watu 454, ulionyesha kwamba waliochanganya lishe na mazoezi kwa miezi 18 walipata nafuu kubwa kuliko waliofanya kimoja tu. Lengo ni asilimia 10. Mwenye kilo 90 apunguze 9, kwa mwendo wa nusu kilo kwa wiki, yaani wiki 18, miezi minne na kidogo. Mahali pa kuanzia ni chai na mafuta. Vikombe vitatu vya chai kwa siku vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja ni gramu 36 na zaidi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, na sufuria ya mchuzi mara nyingi humiminiwa bila kupimwa. Ugali upunguzwe kwa theluthi, mboga za majani ziongezwe, maharage yabaki. Kuna sindano mpya za kupunguza mwili, semaglutide, na utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha zinapunguza maumivu ya goti kwa watu wanene. Bei yake bado iko mbali na mifuko ya wengi wetu.

Nyumbani kuna vitu vinavyoliumiza goti kila siku bila kuonekana. Mbuzi ya kukunia nazi ni mfano mzuri: unaketi chini kabisa, goti limekunjwa hadi mwisho, nusu saa nzima. Iweke juu ya benchi au ngazi ya baraza uketi juu, beseni likae kwenye kiti mbele yako. Jiko la mkaa lipandishwe kwenye matofali, nguo zifuliwe beseni likiwa mezani. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na goti huzipata zikiwa zimezidishwa; beba madumu mawili ya lita 5 mara mbili. Choo cha kuchuchumaa kipatiwe kiti cha mbao chenye tundu katikati, pamoja na nondo au mti wa kushikia ukutani. Na wanaosali, dini haikukupa tabu usiyoiweza: anayeshindwa kusujudu huswali kitini.

Mkongojo ushikwe mkono wa upande usiouma, na uende mbele pamoja na mguu unaouma. Wengi wanashika upande wa mgonjwa, na hapo wanalemea goti lilelile. Kimo chake: simama umevaa viatu, mkono uning'inie, kichwa cha mkongojo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Mpira wa chini ukiisha meno, badilisha, maana unateleza.

Dawa. Kwa goti, ya kwanza ni jeli ya diclofenac ya kupaka, kwa sababu sehemu ndogo sana huingia kwenye damu ukilinganisha na kidonge. Inashindwa kwa watu wengi kwa sababu ya kiasi. Dozi ya goti moja ni gramu 2 hadi 4, mara 3 au 4 kwa siku. Gramu 4 ni pungufu kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa. Hesabu mwenyewe: tyubu ya gramu 30 haifiki siku mbili kwa dozi kubwa, na kwa dozi ndogo ya mara tatu ni siku 5. Mtu aliyetumia tyubu moja mwezi mzima hajaijaribu dawa hiyo. Paka kwenye ngozi kavu isiyo na jeraha, pande zote za goti, subiri dakika 10 kabla ya kuvaa, usioshe kwa saa moja, usifunge nailoni wala kuweka kitu cha moto juu yake. Ijaribu wiki mbili. Isiposaidia, acha.

Vidonge vya jamii hiyo, yaani ibuprofen, diclofenac na naproxen, vinafanya kazi, lakini ni vya siku chache goti linapowaka, kwa dozi ndogo inayotosha: kwa mfano ibuprofen miligramu 400 baada ya chakula, isizidi mara 3 kwa siku. Mwenye zaidi ya miaka 65 au aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo aulize kwanza. Mara nyingi huongezewa omeprazole ya kulinda tumbo, miligramu 20 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo asiguse bila daktari. Na hapa sikilizeni kwa makini, wenye presha: ukimeza losartan au enalapril, pamoja na dawa ya kukojoza, halafu ukaongeza diclofenac, dawa hizo tatu kwa pamoja zinaweza kuzima figo ndani ya siku chache. Ukiona choo cheusi kinachonata kama lami, tumbo linavuja damu, nenda hospitali.

Angalia pia vidonge vilivyochanganywa. Vipo vyenye diclofenac na paracetamol ndani ya kidonge kimoja. Mtu anavimeza, kisha anaongeza Panadol, na paracetamol ikizidi gramu 4 kwa siku huharibu ini. Yenyewe kwa goti husaidia kidogo tu. Sindano ya diclofenac ya kwenye makalio ni dawa ileile ya kidonge, haiendi gotini kwa njia ya mkato, na ikichomwa vibaya hugusa mshipa mkubwa wa fahamu ukaachwa na mguu unaoburuzika.

Kinachotutia hofu zaidi ni vipakiti na "dawa za asili" zinazoondoa maumivu yote kwa siku mbili. Mitishamba haifanyi hivyo. Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa maonyo kuhusu bidhaa za Artri King, zilizouzwa kama virutubisho vya viungo, baada ya vipimo kukuta ndani yake dexamethasone, ambayo ni steroidi, na diclofenac ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Steroidi ya kificho hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa, na mwili huacha kutengeneza ya kwake. Ukiisimamisha ghafla unaweza kuanguka. Kama umekuwa ukitumia dawa ya namna hiyo, ilete kama ilivyo tukusaidie kuiacha kwa utaratibu.

Sindano ya steroidi ndani ya goti ina nafasi yake: goti lililovimba, maumivu yanayozuia hata kuanza mazoezi. Kwa kawaida ni triamcinolone miligramu 40, na nafuu hudumu wiki 4 hadi 8 hivi. Itumie dirisha hilo kujenga paja. Ukilala tu, utarudi ulipokuwa. Isiwe desturi. Utafiti wa mwaka 2017 uliochoma wagonjwa kila wiki 12 kwa miaka miwili uliona gegedu lao limelika zaidi kuliko la waliochomwa maji ya chumvi yasiyo na dawa, na maumivu hayakutofautiana. Wenye kisukari wapime sukari kila siku kwa wiki moja baada ya sindano. Anayetarajia kubadilishiwa goti asichomwe ndani ya miezi 3 kabla ya upasuaji.

Zile sindano za mafuta, yaani asidi ya hyaluroniki, ni ghali na faida yake juu ya maji ya chumvi ni ndogo mno. Damu yako ikizungushwa kwenye mashine ikarudishwa gotini, utafiti wa Australia wa mwaka 2021 wenye watu 288 haukuona tofauti na maji ya chumvi. Glukosamini, kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya viungo, nayo: utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 wenye watu 1,583 haukuonyesha kwa jumla kwamba inashinda kidonge kisicho na dawa. Kwa pesa hizo tungenunua jeli, kiti kizuri na mkongojo.

Kitambaa cha moto dakika 15 hulegeza goti lililokakamaa, barafu iliyofungwa kitambaani dakika 10 hutuliza lililovimba. Mwenye kisukari na ganzi miguuni ajaribu joto kwa mkono kwanza, au mtu mwingine ampimie.

Lini umwone daktari wa mifupa? Ukifanya haya yote kwa kipimo miezi 3 hadi 6, bado hulali usiku au hufiki hata sokoni, muda umefika wa kuzungumzia goti bandia, na usione aibu. Goti likifunga ghafla likakataa kunyooka, nenda mapema. Ila ukiambiwa usafishwe goti kwa kamera kwa sababu tu limelika, uliza maswali: mwaka 2002 utafiti wa Houston, Marekani, ulionyesha kwamba usafishaji huo haukuzidi upasuaji wa kuigiza.

Tumalizie kwa kujipima. Keti kwenye kiti ulichonacho, mikono ikunje kifuani. Nikisema anza, simama kabisa na ukae, mara nyingi uwezavyo ndani ya sekunde 30, bila kujitupa. Anayehitaji mikono atumie, ila aandike kwamba ametumia. Mwenye kizunguzungu au goti lililovimba leo abaki amekaa, tutamwona baada ya hapa. Andikeni idadi, kimo cha kiti na tarehe. Baada ya wiki 8 mpime tena kwa kiti hichohicho, na karatasi hiyo mje nayo kliniki.

Tayari? Anza.